Viti vya Nne-Moja-Saba

Ukitaka kujua jinsi mtu mzima anavyorukwa na akili, mpe picha kumi na tisa za gari moja, zote nyeusi na nyeupe, halafu muulize viti vyake vilikuwa vya rangi gani. Mimi nilipewa kazi hiyo mwezi wa Oktoba. Kufikia Februari nilikuwa siongei vizuri hata na muuza mikate.

Naitwa Len Ottley. Nashona viti vya magari ya zamani kwenye jengo lililokuwa banda la kuku, nje kidogo ya Coventry. Viti, milango, mazulia, dari, chochote ambacho mtu aliyekaa ndani ya gari anaweza kukigusa, hicho ni changu. Injini sizijui na sitaki kuzijua. Magari ya kawaida hayanisumbui: kiwanda kilichapisha kitabu, kitabu kinasema reksini nyekundu, ile ngozi ya bandia, nanunua reksini nyekundu, siku inaisha. Balaa ni magari ya mashindano, yale yaliyoandaliwa na timu ya kiwanda chenyewe. Hayo mafundi waliyang'oa ndani yote na kuyapanga upya kila safari, na walichokifanya wakakiandika nyuma ya risiti za chai, au hawakukiandika kabisa. Karatasi chache zilizokuwepo zilitupwa nje siku kampuni ya magari ya Brackwell ilipofunga kiwanda, mwaka 1981, zikanyeshewa mvua siku tatu. Aliyenisimulia habari hiyo alikuwa anacheka. Sijampigia simu tena.

Gari lenyewe lilikuwa Brackwell Petrel la mwaka 1965. Namba yake inaishia 417, na watu wa magari wote wanaliita Nne-Moja-Saba. Lililetwa kwangu juu ya lori likiwa tupu, bodi na milango tu, ndani hamna kitu isipokuwa kutu na kiota cha panya.

Mwenye gari ni Bi Honor Fairclough, bibi wa miaka sabini na tisa, mfupi, mkavu, asiyependa kushikwa mkono akipanda ngazi. Ujana wake alikuwa msoma ramani wa timu ya Brackwell. Ndani ya Nne-Moja-Saba alikaa upande wa kushoto na makaratasi yake magotini, akisoma kwa sauti kona zinazokuja, na kulia, kwenye usukani, alikaa rafiki yake Pip Marchbanks. Wasichana wawili, na wakati ule kila walipofika watu waliwauliza ni wake za madereva gani. Walikwenda mashindano ya Monte Carlo Januari, wakaenda milima ya Alps Julai, na huko, siku ya mwisho, Pip akagonga ukingo wa daraja. Honor alivunjika mtulinga na hakushindana tena maishani. Pip aliendelea na msoma ramani mwingine, Daphne Cobbold. Alifariki miaka miwili iliyopita, Bi Honor akiwa amemshika mkono.

Mwaka jana gari likatokea mnadani. Bi Honor alisomewa namba kwenye simu, akalinunua palepale bila hata kwenda kuliangalia.

"Macho yangu yanakwenda, Len," aliniambia siku ya kwanza. "Katikati pameshakuwa doa tupu. Pembeni bado kuna mwanga kidogo, na daktari anasema nao una siku zake. Nataka kukaa mle ndani mara moja, pawe kama palivyokuwa mimi na Pip tulipokaa, kabla hakujawa giza. Usiniwekee vizuri. Niwekee sawasawa."

"Unataka kabla ya lini?"

"Ningekuwa najua si ningekwambia, mwanangu? Tuseme Pasaka."

Nikamwahidi Pasaka. Sijui nani alinituma.

Kwanza picha. Wapiga picha wa zama zile walipenda meno. Kila picha ya Nne-Moja-Saba ina Pip ameegemea mlango anacheka, na mgongo wake umeziba kiti chote. Nyingine ina maua juu ya boneti. Nyingine ina meya. Nimeandika barua kwa watu arobaini na moja, Uingereza, Ufaransa, mpaka Monaco, nikiomba picha yoyote inayoonyesha ndani. Bwana mmoja wa Lyon alinijibu kwa furaha kubwa kwamba anayo, marehemu babu yake alipigwa picha mbele ya gari hilohilo, mlango ukiwa wazi. Nikasubiri posta wiki mbili. Babu alikuwa mnene. Hata usukani hauonekani.

Mwisho wa Januari nikapata mbili za maana. Ya kwanza ilipigwa Monte Carlo: mlango wazi, hakuna mtu, na kiti cha msoma ramani kinaonekana chote. Cheusi, na pembeni kina kamba mbili za rangi nyepesi. Nilicheza peke yangu bandani. Ya pili ilikuja siku nne baadaye, imepigwa Novemba mwaka uleule kwenye mashindano ya misitu ya Wales. Gari ni lilelile, namba ileile, mchubuko mmoja wa bampa uleule. Kiti kimekuwa cheupe, au kijivu, au samawati, au krimu, nani atajua, na hakina kamba hata moja.

Nikampigia Trevor Askew. Trevor ndiye anayetunza daftari la klabu yetu ya magari ya Brackwell. Gari likiandikwa humo kuwa la timu ya kiwanda, ni la timu ya kiwanda, na lisiloandikwa, mwenyewe anaweza kwenda kulia kwao. Hajawahi kushika sindano wala spana, ila ana mihuri mitatu.

"Trevor, ni nyeusi au nyepesi?"

"Lete ushahidi, Len."

"Ushahidi ndio ninaoutafuta, bwana."

"Basi ukiupata, lete."

"Na una hakika gari lenyewe ndilo?"

"Namba ni ile, karatasi ni zile, gari ni lile. Nimepiga muhuri mwenyewe mwaka 1994. Usinianzishie mambo."

Nikatupa simu kwenye sponji. Ni mahali pazuri pa kutupia simu, haivunjiki.

Machi nikamwalika Mzee Ron Pettifer. Ron ana miaka themanini na sita, ni fundi pekee wa timu ya Brackwell aliyebaki hai, na Monte na Alps zote mbili alilifuata gari lile na kigari cha vifaa. Nilinunua keki ya matunda, maana najua udhaifu wake. Alikaa kwenye kigoda, akaliangalia lile bodi tupu kwa muda, akaomba kipande cha pili kabla hajamaliza cha kwanza.

"Mzee Ron, viti."

"Kabureta zilikuwa mbili, za Monte. Za Alps tulibadilisha—"

"Sijauliza kabureta."

"Ndio nakwambia. Za Alps tulibadilisha, maana hewa ya juu—"

"Ron! Viti! Kile alichokalia Honor kilikuwa cheusi au cheupe?"

Alinitazama kama nimemuuliza rangi ya soksi za mfalme. "Kijana, mimi kiti nilikijua kwa bolti zake. Bolti nne, za nusu inchi. Rangi mimi ya nini? Na viti vyenyewe vilikuwa vinahama. Leo kimo kwenye gari hili, kesho kwenye la mwenzake. Dereva akikipenda kiti anahama nacho. Ukipata kizuri unakificha."

"Kwa hiyo Monte vyeusi na Wales vyeupe, ni viti tu vilivyohama."

"Viti vilihama. Na dashibodi. Na taa." Akajipangusa makombo. "Na namba."

"Namba zilihama vipi?"

"Namba ni kibao na skrubu mbili, Len. Karatasi za forodha ziliandikwa namba tangu mwanzo wa mwaka. Gari likiwa halijawa tayari, linakwenda jingine, limevaa kibao chake. Mtu wa mpakani anasoma namba, anagonga muhuri, anarudi kwenye kahawa yake. Sisi hatukuona ajabu."

Nikaligonga lile bodi kwa kidole. "Na hili je?"

Ron akaikodolea macho keki. "Mambo ya bodi waulize watu wa ofisini."

"Watu wa ofisini wamekufa wote!"

"Basi ndio hivyo."

Watu wa timu ndivyo walivyo. Watakusimulia nani alilewa Marseille na nani alitembea na mke wa nani, mpaka masikio yakuwashe, lakini ukiuliza bodi ipi ilivaa namba ipi, wote mabubu. Bosi wao aliwakataza mwaka 1965 na mpaka leo wanamwogopa, naye yuko kaburini miaka thelathini. Nilitaka kumnyang'anya ile sahani. Lakini ukweli ni kwamba sikumbana zaidi. Nilikuwa na daftari la Trevor, nilikuwa na ahadi ya Pasaka, nilikuwa na miezi mitano ya usumbufu mgongoni. Nilichagua kutosikia. Kesho yake nikakata reksini nyeusi, nikaanza kushona kiti cha kwanza kwa picha ya Monte.

Wiki mbili kabla ya Pasaka Bi Honor akaja na teksi. Ile fimbo nyeupe aliyopewa hospitalini aliibana kwapani kama mwavuli. Nikampeleka kwenye meza, nikamwekea mkono juu ya kiti kipya, nikasubiri.

Alikipapasa. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mshono, akageuza kichwa ili akione kwa pembeni.

"Kizuri," alisema.

"Ndicho?"

"Sijui."

"Kamba hizi mbili za pembeni. Unazikumbuka?"

"Hapana."

"Cheusi? Angalau cheusi?"

"Len, nimeshakwambia. Sikumbuki."

Hapo nikapasuka. Sijivunii, nasema tu ilivyokuwa. "Bi Honor, mtu unakaa ndani ya gari siku nne mchana na usiku, unakula humo, unalala humo, unalia humo, halafu hukumbuki umekalia nini? Mimi nimeandikia nusu ya Ulaya barua! Nimelala na lenzi usoni! Dereva amekufa, fundi anajua bolti, mtu wa daftari anajua muhuri, na wewe uliyekuwemo hujui kitu! Sasa mimi nimuulize nani, panya?"

Sikuwahi kumpandishia sauti. Nilidhani ataita teksi. Badala yake alivuta kigoda kwa mguu, akakaa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe ukisoma kitabu kizuri, unakumbuka rangi ya kochi?"

"Hapana."

"Basi. Mimi nilikuwa nasoma. Kona mia nane kwa siku, na nikikosea moja tunakufa wote wawili. Dashibodi sikuiangalia, kiti sikukiangalia, hata Alps sikuziona, niliziona kwenye kadi za posta. Kitu pekee nilichokiona mle ndani ni mkono wa Pip ukibadilisha gia. Huo ukitaka nitakuchorea."

Sijui wazo lilitoka wapi. Labda lilitoka kwenye aibu. Nilichukua kreti la bia, nikaliingiza ndani ya bodi tupu upande wa kushoto, nikaweka sponji juu yake, nikamwambia, "Ingia. Ukae kama ulivyokaa. Usinikumbukie kitu. Nisomee tu njia."

"Njia gani?"

"Yoyote. Alps."

Akaingia, bila kushikwa mkono. Akasogeza makalio, akanyoosha miguu mpaka viatu vikagusa chuma cha mbele, akakunjua ramani isiyokuwepo juu ya magoti. Halafu sauti ikatoka, si ile ya bibi niliyemzoea, sauti kavu ya haraka isiyopumua.

"Mia mbili, kulia ya kati, inabana. Hamsini, kushoto kali, usikate. Ukuta kwangu. Mia tatu wazi, wazi, wazi, kilima, shika kulia..."

Nilisimama nje ya mlango na chaki mkononi. Alikuwa akiyumba kidogo na kila kona. Na kila baada ya kona tano sita, mkono wake wa kushoto ulitoka kwenye ramani, ukashuka chini ya ukingo wa chuma wa dashibodi, karibu kabisa na mlango, vidole vikabana hewa, vikarudi magotini. Mara ya kwanza nilidhani anajikuna. Mara ya pili nilitega jicho. Mara ya tatu akaacha kusoma.

"Penseli zangu ziko wapi?" aliuliza, na alikuwa amekasirika kweli.

"Penseli gani?"

"Kwenye kopo!" Akapiga ule ukingo kwa kiganja. "Hapa palikuwa na kopo. La peremende za limau. Mimi natumia mkono wa kushoto, Len, na kila penseli waliyoniwekea kulia niliiangusha. Asubuhi ya kwanza ya Monte nilimlilia Ron, akatoboa chuma, akalifunga kopo langu kwa skrubu mbili. Lilikuwepo mpaka darajani."

"Mbona hukuniambia? Miezi sita!"

"Wewe uliniuliza rangi ya viti."

Nilimbusu kwenye paji la uso. Akanifuta kwa mkono, lakini alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nacheka, maana hatimaye nilikuwa na kitu. Kopo la peremende haliko kwenye picha yoyote, haliko kwenye kitabu chochote wala kwenye daftari la Trevor. Mtu aliyeghushi gari asingejua kuliweka. Nikipata matundu mawili chini ya rangi ya ukingo ule, hakuna wa kunibishia tena. Nilipiga alama ya chaki pale vidole vyake vilipokuwa vikibana. Nikampeleka kwenye kile kiofisi changu chenye hita, nikampa chai na biskuti, nikarudi mbio na msasa.

Rangi ya juu ilikuwa ya miaka ya themanini, ikatoka. Chini yake nyekundu ya Brackwell. Chini yake ile ya kijivu ya kiwandani, inayopakwa bodi likiwa bado halijapewa hata jina. Nilitafuta doa, kovu, alama ya tundu lililozibwa. Nikasogea inchi mbili kulia. Inchi nne. Nikarudi kushoto mpaka mlangoni. Nikalala chali sakafuni na tochi mdomoni, nikaangalia ukingo kwa chini, upande ambao hakuna fundi anayejisumbua kuusawazisha. Chuma kilikuwa kizima. Rangi ya kijivu ilikuwa nzima, imetulia, haijawahi kuguswa na kitu chochote tangu siku ilipopakwa. Mahojiano na chuma ni mafupi. Hakina cha kusahau.

Nikatoka nje uani, mvua ikininyeshea, nikampigia Ron.

"Kopo la peremende," nilimwambia. "La Honor. Ulilifunga wewe?"

"Kopo!" Akacheka. "La limau. Nilivunja ncha mbili za keekee. Chuma cha pale kigumu kama nini."

"Chini ya dashibodi, upande wa mlango wa kushoto?"

"Hapohapo."

"Ron, matundu hayapo. Nimekwangua mpaka rangi ya kiwandani, haijaguswa."

Nilisikia televisheni yake ikizungumza peke yake.

"Hayawezi kuwepo, Len," akasema mwishowe, taratibu. "Lile la Alps lilikunjika katikati. Hatukulirudisha hata nyumbani, tulilikata vipande kulekule Ufaransa, tukarudi na kibao cha namba na bampa. Agosti kukawa na bodi jipya. Hilo ulilonalo."

"Umekaa kwenye banda langu! Umekula keki yangu! Umeniacha nishone viti vya gari lililokatwa vipande kabla sijaanza shule!"

"Ningemwambiaje yule bibi? Amenunua namba, Len. Anafurahi." Akakohoa. "Vya Novemba vilikuwa vya kijivu. Nilivifunga mwenyewe. Kijivu cha njiwa."

Miezi sita nilikuwa nalitafuta neno hilo, na likaja saa ambayo silitaki. Nilikata simu bila kuaga.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kuna bwana mmoja wa Derby aliwahi kutoboa matundu ya taa kwenye Petrel ya kawaida ili iitwe ya timu. Mimi ndiye niliyemgundua, nilimwandikia barua ya kurasa nne, na tukikutana kwenye maonyesho sinywi chai meza moja naye. Hayo yote niliyajua wakati naingia bandani. Kwenye dirisha la kiofisi nilimwona Bi Honor amekaa karibu na hita, kikombe mkononi, midomo ikicheza. Alikuwa bado anasoma njia. Nikachomeka drili kwenye umeme. Nikasema, bibi wa miaka themanini, macho yanaisha, Pasaka ni wiki mbili. Matundu mawili. Nani ataumia? Nikaweka ncha pale palipokuwa na alama ya chaki, nikabonyeza.

Ron alisema kweli, chuma kilikuwa kigumu. Kilipiga kelele. Nilipomaliza la kwanza na kugeuka, Bi Honor alikuwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Umeyapata?"

Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Nikachomoa drili kwenye umeme. Alikuja akipapasa meza, akapapasa mlango wa gari, akaingia, akakaa juu ya kreti. Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe bila kutafuta. Kidole chake kikaingia kwenye tundu.

Akakiacha humo.

"Len," alisema. "Mbona lina joto?"

Nikamwambia yote. Rangi ya kijivu, kibao cha namba, daraja, bodi jipya la Agosti, Ron na keki. Nilimwambia huku nimeshika drili kama mtoto aliyekutwa na sukari, na sikuweza kumtazama.

"Kwa hiyo hili halikuwa letu," alisema.

"Lilikuwa la Pip. Kuanzia Agosti."

"La Pip na Daphne Cobbold." Jina hilo alilitoa kama mtu anayetema kokwa. "Nimekalia kiti cha Daphne."

"Kreti, Bi Honor. Umekalia kreti."

Hakucheka. Kidole kilikuwa bado kwenye tundu. "Alikuja hospitalini, Pip. Nilikuwa nimefungwa plasta mpaka hapa. Nikamuuliza, gari likoje? Akasema wamelinyoosha. Akasema, wamelinyoosha, Honor, ukipona linakusubiri, kopo lako bado limo. Miaka hamsini na tano, hakuna siku hata moja aliyoniambia vingine. Tulipanga nyumba pamoja, tulikwenda likizo pamoja, nilimzika. Na kila mwaka siku ya kuzaliwa kwangu alikuwa ananiletea peremende za limau."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitaka kumgombeza mtu, na mtu wa kumgombeza alikuwa amekufa miaka miwili.

"Nitakurudishia ulichonilipa," nilisema. "Nitazungumza na Trevor. Watu wa mnada itabidi—"

"Nyamaza kidogo, Len."

Alipangusa uso kwa mkono wa kulia, kwa nguvu, kama anafuta ubao.

"Viti vya Novemba vilikuwa vya rangi gani?"

"Kijivu. Ron kasema kijivu cha njiwa."

"Basi shona vya kijivu. Ndivyo vya gari hili, mpe Daphne haki yake. Na kwenye lile daftari la Trevor umwandikie kila kitu, na uandike kwamba tundu hili umetoboa wewe mwaka huu, na mwenye gari ndiye aliyetaka."

"Unataka tundu libaki?"

"Sijui kama nitakuwa nikiona chochote siku hiyo. Kijivu, cheusi, kwangu yatakuwa mamoja. Lakini mkono wangu utashuka tu, Len, sitaweza kuuzuia. Na ukishuka nataka ukute kitu." Akagonga chuma kwa ukucha, sentimita chache pembeni ya lile tundu. "Haya, toboa la pili. Kwa skrubu moja kopo litakuwa linazunguka."

Nilimwomba atoe mkono kwanza. Hakuutoa mara moja.